STAA KACHUKUA MBWA MGONJWA WA MOYO: KIKI AU HURUMA? JIBU LIKO KWENYE VIDONGE

Wiki mbili hizi mjini ubuyu ni mmoja tu. Dada mmoja wa Bongo Movie, yule wa Mbezi Beach ambaye harusi ikifanyika bila yeye inahesabika haikufanyika, kachukua mbwa. Na hakwenda kununua mbwa wa bei mbaya kama mastaa wenzake. Kaenda kwenye kituo kinacholea wanyama waliotelekezwa, wakaletwa mbele yake mbwa wanaoruka na kutingisha mikia, yeye kanyoosha kidole kwa kajibwa keupe, kazee, kalikolala pembeni. Wenye kituo wakamwambia wazi: huyu ana kama miaka 9, waliokuwa wanamfuga walimaliza mkataba wa kazi wakarudi kwao Ulaya wakamwacha, halafu anaumwa moyo. Dada akasema huyohuyo.

Picha ikatupiwa Insta. Jina la mbwa, Popi. Ndani ya saa chache povu likaanza.

Kundi la kwanza likaja na baraka: "Una roho ya kipekee dada, Mungu akuzidishie." Kundi la pili likasema kiki: "Filamu inatoka mwezi ujao, mmeshaelewa mchezo?" Kundi la tatu ndilo lililokuja na hasira kabisa: "Watoto wa watu wamelala Taasisi ya Moyo pale Muhimbili, wazazi hawana pesa ya operesheni, wewe unampeleka mbwa kwa daktari wa moyo!" Katikati wakawemo na wa kuchekesha: "Mbwa naye ana moyo mpana? Alikuwa anakunywa konyagi?"

Kwa heshima zote, makundi yote haya yanabishana juu ya picha. Picha ni ya siku moja. Mbwa mwenye ugonjwa wa moyo ni wa kila siku, saa moja asubuhi na saa moja usiku, mpaka atakapokufa. Ukitaka kujua kama dada ana huruma au anatafuta kiki, usiangalie alichoposti. Uliza nani anampa Popi dawa saa moja usiku wakati bosi yuko kwenye shoo.

MBWA ANAUMWA MOYO KWELI?

Anaumwa, tena wengi. Moyo wa mbwa una vyumba vinne na valvu zake kama wa binadamu. Valvu ni kama mlango wa kusukuma: damu ikipita unafunga, isirudi ilikotoka. Kwa mbwa wadogo wanaozeeka, valvu ya upande wa kushoto inanenepa na kujikunja, mlango haufungi vizuri, damu inavuja kurudi nyuma. Huo ndio ugonjwa wa moyo unaoongoza kwa mbwa, na ndio alionao Popi. Daktari wa mifugo akiweka kipimo kifuani anasikia mlio wa ziada kati ya mapigo. Mlio huo unapewa daraja kuanzia 1 mpaka 6. Daraja 1 unasikika kwa shida, daraja 6 unausikia hata kabla kipimo hakijagusa kifua sawasawa.

Sasa hapa watu wengi wanakosea. Mbwa kuwa na mlio kwenye moyo haina maana kesho anakufa. Wapo wanaoishi miaka na mlio wao, wanakula, wanabweka, wanamfukuza paka wa jirani, na mwisho wanakufa kwa kitu kingine kabisa. Ila wapo ambao moyo unachoka kusukuma damu inayorudi, unatanuka (ndio huo moyo mpana mliokuwa mnauchekea), halafu maji yanajaa kwenye mapafu. Hapo mbwa anakuwa kama mtu anayezama akiwa nchi kavu.

Dawa zipo. Kuna vidonge vinaitwa pimobendan, vinausaidia moyo kusukuma damu kwa nguvu na kulegeza mishipa. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mbwa wenye ugonjwa huu wa valvu, ambao moyo umeshatanuka lakini bado hawajaanza kuonyesha dalili, wakipewa dawa hiyo mapema wanasogeza mbele hali ya moyo kushindwa kazi kwa karibu miezi 15. Kwa mbwa mzee miezi 15 si kidogo. Ikifika hatua ya maji kwenye mapafu anaongezewa furosemide, dawa ileile ya kukojoza maji ambayo bibi zetu wenye moyo mpana wanapewa hospitali.

Kwa hiyo wale wanaoandika "atapona kwa jina la Yesu" waendelee kuomba, lakini waelewe: vidonge havirekebishi valvu. Vinanunua muda. Japani na Uingereza wapo madaktari wanaopasua na kutengeneza valvu ya mbwa, lakini bei yake ni ya kununulia gari. Popi wa Mbezi anaishi kwa vidonge, na vidonge vinataka mtu wa kuvikumbuka.

HOJA YA WATOTO MUHIMBILI

Hii hoja ni nzito na haifai kuchekwa. Mzazi ambaye mwanaye ana tundu kwenye moyo, anayelala kwenye benchi la hospitali huku akipiga simu kwa ndugu kuomba michango, akifungua simu akakuta mbwa kafanyiwa ultrasaundi ya moyo, anaumia. Hakuna maneno ya kumwambia asiumie.

Lakini wengi wanaoandika maoni yale si mzazi huyo. Mwezi uliopita dada huyuhuyu kaposti mkoba mpya kutoka Dubai. Watu wakaandika "malkia", "umetisha", "wenye nazo". Hakuna aliyewataja watoto wa Taasisi ya Moyo siku ile. Alipoposti sherehe yake ya kuzaliwa, meza imejaa chupa zinazowashwa mishumaa, hakuna aliyesema laana. Leo pesa inayotoka kwenye pochi ileile imemnunulia vidonge mbwa mzee, ndiyo ghafla kila mtu ana uchungu na watoto.

Kama hoja ni watoto, basi iulizwe siku ya mkoba. Na muulizaji naye ajiulize mwaka huu kachangia shilingi ngapi. Wanaochangia matibabu ya watoto wa watu kwa kawaida wanatuma na kunyamaza, hawana muda wa kutukana mbwa. Huruma nayo haiko kama sukari ya mgawo ya enzi zile, kwamba ukimpa huyu kilo yule anakosa. Aghalabu mtu anayeshindwa kumpita mbwa mgonjwa ndiye huyohuyo anayeshindwa kumpita mtoto mgonjwa.

Hata hivyo dada naye kuna mahali kateleza. Kuposti risiti ya daktari wa mbwa na vikatuni vya machozi, halafu kuandika "mwanangu ananiumiza kichwa", katika mji ambao mama mwingine anasema maneno hayohayo kuhusu mwanaye wa kumzaa, ni kukosa busara. Mlipie mbwa dawa, mpende, lakini risiti baki nayo kwenye droo. Kuna mambo hayahitaji mashahidi.

WALE WA DINI

Kuna walioingia na hoja ya najisi. Ni kweli Waislamu wengi wa huku kwetu wanafundishwa kwamba mate ya mbwa ni najisi, na haipendezi mtu kudharau imani ya mwenzake. Lakini ni Waislamu haohao wanaofundishwa hadithi mashuhuri ya mtu aliyemkuta mbwa anahema kwa kiu, akashuka kisimani akamtekea maji kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi. Kumhudumia mbwa mgonjwa na kumlaza kitandani ni mambo mawili tofauti. La kwanza halina ugomvi na dini ya mtu. Lishike hili, maana linarudi hapa chini.

SASA UBUYU WENYEWE

Wakati watu wanagombana mtandaoni, kuna habari iliyotoka ndani ya geti la Mbezi ambayo ndiyo ingepaswa kuzungumzwa. Dada alisafiri siku 10, kazi na bata kidogo. Popi akabaki na msichana wa kazi, binti wa Kondoa, anaswali swala tano, hajawahi kufuga mbwa maishani mwake. Maelekezo aliyoachiwa yalikuwa ya dakika mbili kwenye korido, gari linasubiri nje: "Mpe hiki asubuhi na jioni."

Hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari kumgusa mbwa. Hakuna aliyemwambia dawa ni ya nini. Hakuna aliyehesabu vidonge. Siku ya saba vikaisha.

Yule binti akapiga simu, haikupokelewa. Akatuma ujumbe, ukabaki na tiki moja. Duka la dawa za mifugo la karibu hawana, maana pimobendan si dawa ya kila duka. Siku mbili baadaye akagundua Popi halali. Kakaa kitako, kanyoosha shingo, viwiko kavipanua, tumbo linapanda na kushuka haraka. Hakujua kwamba hiyo ni dalili ya maji kwenye mapafu. Alijua tu kwamba babu yake kule Kondoa alikuwa anakaa hivyohivyo usiku kabla hajafariki.

Alichofanya ni kutafuta ile karatasi ya kituo alikotoka mbwa, akaikuta kwenye droo ya jikoni, akapiga namba usiku ule. Wakamwambia amlete haraka kwa daktari. Akambeba kwenye khanga, akakodi bajaji kwa hela yake ya mshahara. Popi akawekewa oksijeni na sindano za kutoa maji. Kapona. Yaani kapona ile ya kuongezewa muda.

Bosi karudi, kaposti picha: "Shujaa wangu Popi, amepigana." Laiki kama mchanga. Binti wa Kondoa hayumo kwenye picha, hayumo kwenye maneno, na mpaka ubuyu huu unazunguka hela ya bajaji ilikuwa haijarudishwa.

Hapo ndipo jibu la kiki au huruma lilipo. Inawezekana kabisa dada alikuwa na huruma ya kweli siku ile kituoni. Mtu wa kiki angechukua katoto kazuri ka mbwa, asingechukua kazee kagonjwa. Lakini huruma yake ilikuwa ya siku moja, na ugonjwa huu haujali siku moja. Huruma ya siku zilizobaki kaibebesha mgongo wa msichana wa watu bila kumuuliza, bila kumfundisha, bila kumuongezea hata shilingi.

Na hili si la dada huyu peke yake. Nyumba ngapi za mjini hapa mwenye mbwa ni mmoja kwa jina, na mtu mwingine ndiye anayelisha, anayeosha, anayeamka usiku? Hata wazee wanaoumwa ni hivyohivyo. Mtoto wa mjini anaposti "nampenda sana mama yangu", dawa za presha za mama anazijua dada wa kazi.

UNATAKA KUCHUKUA MBWA WA MOYO? SOMA HAPA KWANZA

Sasa isije ikaonekana watu wanakatazwa. Mbwa wazee na wagonjwa ndio wanaokaa kituoni muda mrefu kuliko wote, kila mtu anataka watoto wa mbwa. Mtu akimchukua mmoja kafanya jambo kubwa. Ila afanye kwa mahesabu.

Uliza ni ugonjwa gani. "Anaumwa moyo" haitoshi. Kuna valvu inayovuja, kama ya Popi. Kuna misuli ya moyo kulegea, inayowapata zaidi mbwa wakubwa kama Doberman. Kuna matatizo ya kuzaliwa nayo, na mengine yanatibika kwa operesheni. Kuna minyoo ya moyo, inayoenezwa na mbu, inayoweza kufika urefu wa sentimita 30, ikaishi kwenye mishipa ya mapafu na moyo. Hiyo ina matibabu yake na kinga yake, na kinga ni nafuu kuliko tiba. Kila ugonjwa na bei yake na mwisho wake.

Uliza dawa zinapatikana wapi na kwa bei gani kwa mwezi, halafu zidisha mara 12. Usiziache zifike kidonge cha mwisho ndiyo utafute. Ukisafiri, vidonge vilivyobaki viwe vingi kuliko siku za safari.

Jifunze kuhesabu pumzi. Hiki ni kipimo cha bure na ndicho kinachookoa. Mbwa akiwa amelala fofofo, angalia kifua: kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Chini ya 30 kwa dakika ni sawa. Ikianza kuvuka 30 kila ukihesabu, piga simu kwa daktari siku hiyohiyo, usisubiri Jumatatu. Akizimia, fizi zikigeuka rangi ya bluu, au akikataa kulala kama Popi, usihesabu, nenda.

Pimobendan inafanya kazi vizuri tumbo likiwa tupu, kama saa moja kabla ya chakula. Furosemide inamfanya anywe maji sana na kukojoa sana, kwa hiyo usimnyime maji wala usimchape kwa kukojoa ndani. Kosa ni la dawa.

Acha kumpa mabaki yenye chumvi: chipsi, soseji, mishikaki, dagaa wa chumvi. Chumvi inavuta maji mwilini. Na usimpe dawa za maumivu za binadamu kama diclofenac au ibuprofen, zinaweza kumuua figo.

Joto la Dar mnalijua. Mtembeze alfajiri au jua likizama, taratibu, na umvalishe mkanda wa kifuani badala ya kamba ya shingoni, maana mbwa wa aina hii anakohoa na kamba inamkaba.

Na uamue mapema kuhusu mwisho. Itafika siku dawa hazitoshi. Kumwachia mbwa ahangaike na pumzi siku tatu kwa sababu mwenyewe hujajiandaa kuagana naye ni ukatili, hata kama unalia. Muulize daktari mapema kuhusu sindano ya kumpumzisha, uijue bei yake na nani ataamua kama wewe haupo. Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, mnyama uliyemchukua si toy.

La mwisho, kama mtoa dawa ni mtu mwingine, mfanye awe mwenzako. Muulize kwanza kama anakubali. Kama ni mtu wa swala na hataki mate ya mbwa, ni haki yake: kidonge kinaweza kufichwa kwenye tonge dogo kikawekwa kwenye sahani, na glavu zipo. Mfundishe kuhesabu pumzi. Muachie namba ya daktari, hela ya usafiri, na ruhusa ya kuamua bila kusubiri simu yako ipokelewe. Muongezee mshahara, maana umemuongezea mgonjwa.

KWA DADA WA MBEZI

Popi abaki kwako. Kumrudisha kituoni saa hizi itakuwa ni kumtelekeza mara ya pili, na wanaosema arudishwe hawajamfikiria mbwa. Wanaotukana wamwache. Ulichofanya kituoni siku ile wengi hawawezi.

Ila rudisha hela ya bajaji leo, kabla ya kuposti kitu kingine. Kaa na yule binti, muulize anataka nini, msikilize mpaka amalize. Na kama huwezi kubaki kwenye picha bila kumtaja shujaa, mtaje aliyembeba kwenye khanga usiku. Akikubali kutajwa lakini, usimlazimishe, huenda yeye hataki kiki.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Nyumbani kwako mwenye mbwa ni nani, na anayemjua mbwa ni nani?